Mche hauna maua bado: ni managu au mnanaha?

Ndugu uliyeuliza kutoka Bahati, Nakuru, jinsi ya kutofautisha mche wa managu, ile mboga ya majani, na wa mnanaha wenye sumu, kitabu chako cha kutambulia mimea hakina kosa. Kimepangwa kwa rangi ya maua, nawe una mche mchanga usio na ua hata moja. Ziache picha kwanza, uuangalie mmea wenyewe.

Ng'oa mmoja na mizizi yake. Kama yale majani mawili ya kwanza kabisa, yaliyotoka na mbegu, bado yapo, yapime kwa rula. Ya mnanaha (Datura stramonium) ni marefu membamba, sentimita 2 hadi 4, yamechongoka kama mkuki. Ya managu ni madogo, sentimita 1 hivi, yenye umbo la yai. Mimi hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi. Shida ni kwamba hupukutika mapema, kwa hiyo kagua kabla ya palizi ya kwanza.

Yakishaanguka, sugua jani vidoleni unuse. Mnanaha hutoa harufu nzito ya kuchukiza. Nawa mikono papo hapo wala usijiguse macho, maana utomvu wake hupanua mboni. Wengi hukosea kwenye ukingo wa jani: wanaona meno wanasema ni mnanaha, kumbe kuna managu yenye meno pia. Ukingo peke yake hautoshi.

Maua yakija, ubishi umekwisha. Managu huning'iniza vishada vya viua vyeupe vyenye kitovu cha njano, kisha matunda laini ya mviringo. Mnanaha hutoa ua mojamoja penye panda ya shina, kama tarumbeta ya sentimita 6 hadi 10, kisha tunda la miiba linalopasuka pande nne.

Tafadhali, usiutie chunguni kabla hujawa na hakika. Kuchemsha na kumwaga maji hakuondoi sumu. Hata fungu la sokoni lichambue shina kwa shina. Aliyekula akikauka mdomo, moyo ukamwenda mbio, akaanza kuweweseka, mkimbize hospitali na jani mkononi.

Ukibaki na shaka, subiri ua, ukaushe tawi zima ndani ya gazeti chini ya mawe, uandike mahali, tarehe, kimo na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hufifia. Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, Nairobi, ndiyo yenye vielelezo vya kulinganishia. Msimu wa mvua badilisha gazeti kila siku, la sivyo utapeleka ukungu.