Ukitaka Kumuuzia Mgeni Bando, Anza na Simu Yake

Hoteli nyingi za pwani ya Unguja siku hizi zina kibao juu ya kaunta: skani hapa upate intaneti. Kinachouzwa ni bando la data kwa eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayoshushwa kwenye simu kwa intaneti. Bosi amesikia kuna kamisheni, mtu wa kampuni ya eSIM amekuja na vipeperushi vyake, kibao kikasimamishwa pembeni ya kengele, basi. Baada ya hapo anayeulizwa maswali si bosi wala mtu wa kampuni. Ni wewe uliyeanza mapokezi msimu huu. Nimekaa kaunta za Nungwi na Paje muda wa kutosha kujua maswali hayo yanatoka wapi, na mengi hayatokani na bei.

Tuanze na hesabu, usije ukaahidiwa usichokipata. Tuseme hoteli ina vyumba 30, vinajaa kwa asilimia 70, na mgeni hukaa siku 6. Kwa mwezi unafungua vyumba kama mara 105. Tuseme tena katika kila vyumba vitano kimoja kinanunua bando la shilingi 30,000: hao ni wanunuzi 21. Kamisheni ya asilimia 15 ni shilingi 4,500 kwa mmoja, jumla 94,500. Hoteli ikinunua bando kwa jumla na kuziuza kwa bei yake, ikabakiwa na 10,000 kwa kila moja, inafika 210,000. Ndiyo hiyo tu. Meneja anayesema data italipa umeme wa msimu mzima hajashika kikokotoo.

Hela yenye maana inapita mlango mwingine. Mgeni mwenye mtandao nje ya geti ndiye anayekuandikia WhatsApp saa mbili usiku kutoka Forodhani: naomba gari. Ndiye anayeona ujumbe wako kwamba boti ya Mnemba kesho inaondoka mapema kwa sababu ya maji. Asiye na mtandao anapanda teksi ya kwanza anayoiona, na safari ananunua kwa papasi, dalali wa mitaani, ufukweni. Kwa hiyo ukiwekewa lengo la mauzo ya bando, muombe bosi ahesabu pia magari na safari zilizoagizwa kwa simu. Bila hivyo utaonekana hufanyi kitu.

Kishawishi cha kwanza utakachokutana nacho ni cha Wi-Fi. Atatokea mtu mjanja aseme: punguza kasi ya ile ya bure, watanunua wenyewe. Kataa. Zamani hoteli zilipata hela nzuri kwa simu za vyumbani, simu za mkononi zikaiua biashara hiyo. Wakahamia kuuza Wi-Fi, nayo ikaja ikawa ya bure karibu kila mahali. Katika kuing'ang'ania, wengine walivuka mpaka. Oktoba 2014 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliitoza Marriott dola 600,000 kwa sababu katika hoteli ya Gaylord Opryland, mjini Nashville, hotspoti za wageni zilikuwa zinazuiwa kwa makusudi, huku washiriki wa mikutano na maonyesho wakitozwa dola 250 hadi 1,000 kwa kila kifaa ili watumie Wi-Fi ya hoteli. Hapa kwetu hatusubiri mamlaka. Mgeni anaandika mwenyewe kwenye Booking au TripAdvisor, na hakuna kamisheni ya bando itakayorudisha nyota zilizoshuka. Ndani ya geti Wi-Fi iwe ya bure na iwe nzuri. Bando ni la huko nje. Tena eSIM yenyewe haishuki kwenye simu bila intaneti, na intaneti hiyo ataipata kwako.

Sasa simu. Kabla hujataja bei, mwambie mgeni abonyeze *#06# kama anayepiga. Ikitokea namba ndefu ya tarakimu 32 iliyoandikwa EID, simu inapokea eSIM. Ikija IMEI, namba ya utambulisho wa simu, peke yake, usimuuzie, muelekeze kwenye laini ya kadi. Kisha muulize simu aliinunua wapi, maana jibu lina uzito kuliko toleo lenyewe. Aliyenunua iPhone 14 au mpya zaidi Marekani hana kabisa mahali pa kuchomeka kadi, kwa hiyo wauza laini wa uwanja wa ndege wakiwa na kadi tu hawamfai, na wewe ndiye tegemeo lake. Kwa iPhone 17 hali hiyo imefika Oman, Falme za Kiarabu na nchi nyingine za Ghuba. Wageni wa Muscat, wengine ni ndugu zetu wanaokuja na Kiswahili chao safi, wanafika wakiulizia kadi kama walivyozoea, halafu simu haina pa kuiweka. Mchina aliyenunua iPhone yake China bara ni kinyume: nyingi za huko huchukua kadi mbili na eSIM hazina. Swali la mwisho, simu imefungwa na kampuni ya kwao? Wanaolipia simu kwa mkopo, hasa Wamarekani, huwa nazo za namna hiyo. Kwenye iPhone inaonekana kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu. Ikiwa imefungwa, hakuna bando lako litakaloshika, na hela utakayopokea utairudisha.

Maswali hayo hayamalizi dakika mbili, na ndiyo yanayotenganisha kaunta yenye utulivu na kaunta yenye ugomvi.

Kuunganisha nako kuna utaratibu. Mgeni awe kwenye Wi-Fi yako. Msimbo wa QR uufungue kwenye kompyuta au tableti ya mapokezi na umgeuzie kioo, kwa sababu ukiwa kwenye barua pepe ndani ya simu ileile, kamera haiwezi kuusoma. Simu aishike mwenyewe. Wewe elekeza kwa kidole. Simu ikimtaka aipe laini jina, aandike Zanzibar, ili kesho asichanganye ipi ni ipi. Halafu angalia vitu vitatu: data iwe kwenye laini mpya, romingi ya laini mpya iwe imewashwa, romingi ya data ya laini ya kwao iwe imezimwa. Hicho cha katikati ndicho kinachowatesa watu. Mgeni ameambiwa maisha yake yote asiwashe romingi akiwa safarini, na wewe unamwambia awashe. Muelezee taratibu: eSIM nyingi za wasafiri ni za kampuni za nje, zinaingia kwenye minara yetu kama wageni, ndiyo maana bila romingi mtandao unaonekana juu ya kioo lakini hakuna kinachofunguka. Raia wa Umoja wa Ulaya tangu Juni 2017 anatumia bando la nyumbani akiwa nchi nyingine za umoja huo bila nyongeza, na wapo wanaodhani na huku ni hivyohivyo. Wakishagundua sivyo, bili imeshasoma.

Laini ya kwao asiizime kabisa. Benki yake hutuma namba ya kuthibitisha malipo kwa SMS kwenye laini hiyo, na bila namba hiyo malipo ya kadi ya mtandaoni yanaweza kugoma, hata yale ya kwako. WhatsApp ikimuuliza kama abadilishe namba, akatae. Na asiifute eSIM hata ikisumbua, kwani misimbo mingi hutumika mara moja tu. Ikifutwa, ni kuanza kuandikiana na kampuni. Mwisho, azime Wi-Fi mbele yako, afungue ramani, aione Nungwi au Paje ikijichora. Hapo ndipo mauzo yamekamilika. Kabla ya hapo umepokea amana tu.

Bora zaidi ni kumuuzia kabla hajapanda ndege. Ujumbe wa kuthibitisha chumba unatumwa hata hivyo. Ongeza mistari miwili kuhusu bando, na umtake aiweke eSIM akiwa kwao, kwenye Wi-Fi ya nyumbani, aiwashe akishatua. Soma kwanza masharti ya kampuni yako: kuna bando zinazoanza kuhesabu siku zikishaunganishwa na mtandao wa hapa, na kuna zinazoanza pale tu zinapowekwa kwenye simu. Ukikosea hapo, mgeni anafika na siku tatu zimeshaliwa. Kama hukumtumia mapema, jiandae kupigiwa na dereva aliyeko uwanjani: "Dada, mgeni wako huyu anasema kalipia kwenu na simu haishiki." Dereva hana Wi-Fi ya kumpa. Mfundishe walau kuwasha romingi ya laini mpya. Nusu ya matatizo yanaishia hapo.

Ukubwa wa bando usimuuzie kwa tamaa. Anayetaka ramani, WhatsApp na kuitisha teksi atatosheka na GB chache kwa wiki. Video ndiyo inayokula: saa moja ya Netflix kwa picha ya HD inaweza kumaliza GB 3. Vilevile simu zinapandisha picha za likizo mtandaoni zenyewe bila kuulizwa, kwa hiyo mwambie akaache kazi hiyo kwa Wi-Fi ya usiku. Na kumbuka anaweza kufungua Airalo au Holafly, wauzaji wa eSIM mtandaoni, palepale mbele yako akalinganisha bei. Yako ikiwa juu kidogo, ieleze kwa unyoofu: humo mna mtu wa kumsaidia ikigoma. Ikiwa juu mara mbili, nyamaza, huna utetezi.

Muulize pia anatoka wapi na anaelekea wapi. Anayetokea Maasai Mara na atakayerudi kupandia ndege Nairobi anahitaji bando linaloshika Kenya na Tanzania. La Tanzania peke yake litakufa Namanga. Anayekwenda Serengeti baada ya kwako umwambie ukweli kwamba porini kuna sehemu hakuna mnara wa mtu yeyote.

Mtandao upi unashika hotelini kwako, usiulize mtu wa kampuni. Chukua simu zenye laini tofauti, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, utembee kutoka geti hadi mwisho wa ufukwe wenu, na uingie mpaka vyumba vya nyuma. Kisha uliza eSIM mnayouza inapanda mnara wa nani. (Mgeni aliyewahi kuja zamani atakutajia Zantel au Tigo, zote mbili leo ni Yas.)

Kuhusu laini za kadi, nenda polepole. Usajili wa Tanzania ni kwa alama za vidole, na mgeni husajiliwa kwa pasipoti yake mwenyewe. Atakuomba umsajilie kwa NIDA yako kwa sababu wakala yuko mbali na jua ni kali. Usikubali hata akikuachia bakshishi nene: yeye ataondoka, laini itabaki kwa jina lako na chochote kilichofanywa nayo. Zungumza na wakala halali wa karibu aje hotelini na kifaa chake siku wanazoingia wageni wengi. Makubaliano ya kamisheni yawe kati ya hoteli na wakala, kwa maandishi.

Maandishi yawepo pia kuhusu kurudisha hela. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mgeni hamuoni mwenye mnara wala mwenye waya, anakuona wewe. Kampuni nyingine hurudisha, nyingine hukupa bando jipya, nyingine hazina jibu. Lijue lako kabla halijakukuta, na uliweke kwenye karatasi ya bei. Bei yenyewe iandikwe kwa shilingi, kwani kanuni za fedha za kigeni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa dola. Risiti itoke kama ya chumba.

Kamisheni mgawane. Kama yote inaingia kwa mwenye hoteli, zamu ya usiku haitakaa na mzee wa watu dakika kumi kumtafutia kitufe cha romingi, na mimi siwalaumu. Sehemu hata ya theluthi, ikilipwa kila mwezi pamoja na mshahara na si kwa ahadi, inatosha.

Hoteli ikiamua kununua misimbo kwa jumla, angalia tarehe ya mwisho ya kuitumia. Kampuni hutoa punguzo zuri mwezi Machi, na meneja anaona amepata. Masika inaingia, Aprili na Mei vyumba vinafungwa, na misimbo inaisha muda kwenye droo. Nunua kidogo Machi, uongeze Juni.