Kina kilekile, upande mmoja matumbawe, upande wa pili tope: tazameni mkondo

Mkuu uliyeleta swali, nimelisoma mara mbili kwa sababu limenigusa. Umesema umetazama video ya mlima ulio chini ya bahari, ukaona upande mmoja umejaa matumbawe na upande wa pili ni tope tupu, ilhali kina ni kilekile. Waliotangulia kukujibu wamesema ni kina na baridi. Kwa heshima zote, sikubaliani nao. Kama kina ni kilekile, baridi ileile na giza lilelile, basi hayo hayawezi kuwa ndiyo yaliyozitenga pande mbili. Kilichozitenga ni mkondo.

Kazi yangu ni kutazama video zinazopigwa na roboti za chini ya maji na kuandika kila kiumbe kinachoonekana na mahali kilipo. Ukiizoea kazi hii, jicho haliendi kwanza kwenye matumbawe, linakwenda kwenye chembechembe zinazopita mbele ya taa. Hizo nukta nyeupe ni mabaki ya planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini), kinyesi cha wadudu wa majini na vipande vya ute vinavyoshuka kutoka juu. Zikiwa zinadondoka taratibu, wima, mara nyingi chini utakuta tope, majongoo bahari na matundu ya minyoo. Zikianza kukatiza kwa ubavu, na rubani wa roboti akaanza kuhangaika kuituliza mahali pamoja, hapo ndipo ninapokaa sawa kwenye kiti, kwa maana matumbawe hayako mbali.

Sababu yake ni chakula. Matumbawe ya maji ya juu huishi na miani midogo ndani ya miili yao, inayowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ya kilindini hayana mwanga wala miani hiyo. Polipu, yaani mnyama mmoja mmoja mdogo anayejenga tumbawe, imejishikiza kwenye mwamba, haihami, inanyoosha minyiri yake na kusubiri kitakacholetwa. Mahali maji yamesimama, kinacholetwa ni kidogo, na kibaya zaidi tope linatulia juu ya mwamba. Kichanga cha tumbawe, yaani tumbawe changa linaloelea kabla ya kutua, kinahitaji sehemu ngumu ya kushika. Kikitua kwenye tope, mara nyingi kimekwisha. Kwa hiyo mkondo unalisha na unafagia kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu kule kufagia hakupewi uzito unaostahili.

Kuna ushahidi wa zamani unaojibu swali lako moja kwa moja. Mwaka 1986 Amatzia Genin na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao kwenye mlima wa chini ya bahari wenye vilele vingi, katika Pasifiki ya mashariki. Walikuta matumbawe meusi na jamaa zake ni mengi karibu na vilele kuliko katikati ya miteremko, hata walipolinganisha sehemu zenye kina kimoja. Kilele kikiwa chembamba, yalijazana juu kabisa. Kikiwa kipana, yalijipanga pembezoni. Ukiufikiria mwendo wa maji utaona mantiki yake: maji yanayokutana na mlima hubanwa, na yakibanwa huongeza kasi, hasa kwenye kingo na ncha. Nimeliona hilo hata kwenye jiwe lisilozidi kimo cha mtu. Mabegani mwa jiwe matawi yamesongamana, nyota bahari wembamba wamejizungushia matawini wakiwa wameinua mikono juu, na hatua mbili tu chini yake, penye kivuli cha mkondo, hakuna kitu ila vumbi la kijivu.

Jambo jingine la kutazama ni matumbawe bapa, yale ambayo matawi yake yametandazwa upande mmoja. Yametandaa kama jarife lililotegwa kukingama maji, na ukiyakuta mengi sehemu moja, karibu yote yameelekea upande mmoja. Hata kama hakuna kipimo kilichoachwa pale, hayo matawi yanakuonyesha mstari ambao maji yamekuwa yakipita kwa miaka mingi. Mimi huyaamini kuliko kipimo cha siku moja.

Sasa, msielewe kwamba mkondo ukizidi ndio heri. Chukueni tumbawe jeupe la Lophelia pertusa, ambalo siku hizi wataalamu wameliita Desmophyllum pertusum, mjenzi mkubwa wa miamba ya kilindini katika Atlantiki. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba polipu zake hunasa chakula vizuri zaidi maji yakienda sentimita 2.5 kwa sekunde kuliko yakienda 5. Lakini miamba yenyewe hukutwa mahali ambapo mkondo una kasi kuliko hapo mara nyingi. Inakuwaje? Kwanza, mkondo wa chini haukai na kasi moja, hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa, na hutofautiana kati ya bamvua na maji mafu. Pili, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote, kichaka chenyewe hupunguza kasi. Maji yanafika na nguvu, yanaingia kati ya matawi, yanatulia. Nje kuna kasi ya kuleta, ndani kuna utulivu wa kunasa.

Yakitulia, yanaangusha na mchanga waliokuja nao. Mchanga unajaza chini ya matawi yaliyokufa, matawi hai yanaendelea juu, na taratibu kilima kinainuka. Kilima kiitwacho Challenger Mound, kusini magharibi mwa Ireland, kilitobolewa mwaka 2005 hadi kwenye kitako chake. Kina unene wa mita 155 hivi, na kilianza kujengwa zaidi ya miaka milioni 2.5 iliyopita. Ndani kuna vipande vya matumbawe na tope toka juu mpaka chini. Mkondo ukiwa dhaifu mno hakuna kinacholetwa cha kujengea. Ukiwa mkali mno, mchanga unasombwa.

Na kilima kikishakuwa kikubwa, chenyewe kinageuza maji. Utafiti wa Karline Soetaert na wenzake, uliotoka mwaka 2016, ulihusu vilima vya matumbawe vya karibu na Rockall, kisiwa kidogo cha mwamba magharibi mwa Scotland, vilivyo kwenye kina cha mita 600 hivi. Ulionyesha kwamba maji ya kujaa na kupwa yakipita juu ya vilima hivyo huchochewa kiasi cha kuvuta chakula kutoka tabaka la juu la bahari kukipeleka chini. Yaani matumbawe yamejenga umbo linaloyaletea chakula. Kwenye miamba ya Mingulay, Scotland, ambayo haina kina kirefu hivyo, maji ya juu hushushwa na mkondo wa kujaa na kupwa hadi kwenye matumbawe ndani ya muda usiofika saa moja.

Kwa waliosisitiza kina: tumbawe hilohilo la Lophelia linaishi kwenye mita 40 hivi katika ghuba ya Trondheim, Norwei, na kwingineko linapita mita 1000. Mwamba wa Røst, uliogunduliwa Norwei mwaka 2002 na wenye urefu wa zaidi ya kilomita 35, uko kati ya mita 300 na 400. Kina kinayumba namna hiyo kwa sababu tumbawe halifuati namba ya mita, linafuata maji yanayolifaa. Baridi kweli ina nafasi yake, kwani kwa kawaida hutaka nyuzi kati ya 4 na 12 za Selsiasi. Lakini maji ya nyuzi hizo yatakuwa kina gani mahali fulani? Hilo nalo linaamuliwa na mikondo mikubwa.

Mikondo hiyo mikubwa inaamua pia mambo ya kemia. Maji ya kilindi cha Pasifiki ya kaskazini yamesafiri muda mrefu mno tangu yalipokuwa juu, na njiani yamekusanya kaboni dioksidi kutokana na mabaki yanayooza. Ndiyo maana huko aragoniti, madini ambayo matumbawe haya hujengea mifupa, huanza kuyeyuka kwenye kina kifupi kuliko Atlantiki. Kwa upande mwingine, pwani ya Angola kuna miamba hai ya Lophelia kwenye maji yenye oksijeni kidogo kuliko kiwango kilichodhaniwa kuwa kinavumilika. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba chakula kinacholetwa pale ni kingi, nao unyonge wa oksijeni unafidiwa.

Bado kuna vichanga. Vya Lophelia huelea wiki kadhaa kabla ya kuwa tayari kutua, na vinaweza kuishi zaidi ya hapo. Muda wote huo vinakwenda vinakopelekwa. Mlima ulioharibiwa na meli za kukokota nyavu hautapata mbegu mpya kama mkondo hautokei kwenye mlima wenye matumbawe hai. Hili linaniuma, kwa sababu mipaka ya hifadhi mara nyingi huchorwa kwa kufuata mistari ya kina kwenye ramani. Mlima unaolindwa unaweza kuwa unategemea vichanga vya mlima mwingine, ulio upande mkondo unakotoka, ambao haulindwi, na hapo ulinzi wa ule wa kwanza ni nusu tu.

Mkuu, irudie video yako ukitazama mambo mawili: chembechembe zinakatiza kuelekea wapi, na matawi bapa yamekingama upande gani. Halafu utuwekee hapa jina la mlima, tarehe na saa ya kupigwa video, tuone maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Ukiwa na video ya upande wa tope, nayo ilete, hata kama inaonekana haina kitu.