Kuimudu kemia fizikia chuoni kwa aliyetoka CBG na BAM: uzoefu wangu

Ndugu mleta mada, umeuliza maswali mawili. La kwanza ni iwapo mtu aliyesoma CBG (kemia, biolojia na jiografia), ambaye hisabati yake iliishia kwenye BAM (hisabati tumizi ya msingi ya kidato cha tano na sita), anaweza kuimudu kozi ya kemia fizikia, yaani tawi la kemia linaloeleza nishati na kasi ya mmenyuko kwa fizikia na hisabati, mwaka wa pili. La pili ni iwapo ni heri uiahirishe hadi mwaka wa tatu. Nilisoma shahada ya ualimu wa sayansi huko huko Iringa uliko, nikitokea CBG kama wewe, na sasa ninafundisha kemia kidato cha tano na cha sita mjini Mbeya. Swali la pili halihitaji maneno mengi: kwa mwalimu mtarajiwa wa kemia kozi hiyo kwa kawaida ni ya lazima, na kozi zinazofuata huiegemea, kwa hiyo ukiiahirisha utakuwa umejilundikia mzigo tu. La kwanza jibu lake ni ndiyo, ila inafaa nieleze kwa nini.

Utaambiwa na wengi kwamba fizikali, kama tunavyoiita kozi hiyo, ni hesabu tupu. Sikubaliani nao. Hesabu zake nyingi ni fupi, na mtu mwenye kikokotoo anazimaliza kwa mistari mitatu au minne. Wanaorudi Septemba kufanya sapu (mtihani wa marudio) mara nyingi ni watu wanaojua milinganyo yote kwa moyo, lakini hawajui kila mmoja unaruhusiwa kutumika wapi, wala ni kitu gani kimeshikiliwa kisibadilike wakati kingine kikibadilika. Hilo la kujua kilichoshikiliwa ndilo kiini cha kozi nzima, nami naomba uliweke mbele kuliko kila ushauri mwingine utakaopewa hapa.

Tuanze na hisabati kwa kuwa ndiyo inayokutia hofu. Kozi inadai uwe mwepesi katika logi asilia na eksponenti, difrensiesheni ya kawaida, intigresheni ya mambo kama 1/x, na kuupata mteremko wa mstari ulionyooka kutoka kwenye grafu. Hayo yote yamo katika BAM. Kama umeyasahau, likizo moja inatosha kuyarudia. Kigeni kwako kitakuwa difrensiesheni yenye vigeu viwili au zaidi, nayo inatisha kwa sura yake tu. Chukua gesi bora, yaani gesi ya kufikirika inayoutii daima mlinganyo p = nRT/V, ambapo p ni mgandamizo, n ni idadi ya moli, R ni namba isiyobadilika ya gesi, T ni jotoridi na V ni ujazo. Ukishikilia ujazo, mgandamizo unabadilika na jotoridi kwa kiasi cha nR/V. Ukishikilia jotoridi badala yake, mgandamizo unabadilika na ujazo kwa kiasi cha −nRT/V². Ile herufi ndogo inayoandikwa chini ya mabano, kama V katika (∂p/∂T)_V, inakueleza kilichoshikiliwa, basi. Mwanafunzi anayeipuuza herufi hiyo atauona mlango wa thermodinamiki (elimu ya joto, kazi na nishati) kama msitu wa alama. Anayeisoma kila mara ataona kwamba karibu kila ukurasa unarudia jambo lile lile.

Sasa fanya zoezi hili kwa mkono wako kabla muhula haujaanza. Una moli moja ya gesi bora katika jotoridi la 298 K, nayo inatanuka kutoka lita 10 hadi lita 20, huku jotoridi likishikiliwa lisibadilike. Ikitanuka polepole kwa njia inayoweza kurudishwa nyuma katika kila hatua, kazi inayofanywa na gesi ni RT ln 2, yaani takriban jouli 1,717. Ikitanuka dhidi ya mgandamizo wa nje usiobadilika, ulio sawa na mgandamizo wake wa mwisho, kazi hiyo ni takriban jouli 1,239. Ikitanuka kuingia kwenye ombwe, kazi ni sifuri. Mwanzo ni ule ule na mwisho ni ule ule, lakini kazi ni tatu tofauti. Kisha tafuta badiliko la nishati ya ndani: ni sifuri kote kutatu, kwa kuwa kwa gesi bora nishati hiyo hutegemea jotoridi peke yake. Tafuta na badiliko la entropia ya gesi (kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika): ni R ln 2, yaani takriban 5.76 J/K, kote kutatu, hata pale kwenye ombwe ambako hakuna joto lolote lililoingia. Kaa na jambo hilo la mwisho mpaka likuingie, hata kama litakuchukua jioni nzima. Ukilielewa utajua kwa nini entropia hupimwa kwa kufikiria njia inayoweza kurudishwa nyuma, ingawa tukio lenyewe halikupita njia hiyo. Mimi naamini zoezi hili moja lina faida kuliko kunakili majibu ya mitihani ya miaka iliyopita, kazi ambayo makundi mengi ya majadiliano huipenda kwa sababu haichoshi kichwa.

Faida nyingine uliyo nayo, na ambayo wenzako wa Dar es Salaam hawana, ni kuishi juu ya mlima. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama kilopaskali 83, wakati pwani ni 101.3. Weka tarakimu hizo katika mlinganyo wa Clausius na Clapeyron, unaounganisha mgandamizo na jotoridi la kuchemka, ukichukua enthalpi ya maji kugeuka mvuke (joto linalohitajika kuyageuza) kuwa 40.7 kJ kwa moli, na utaona kwamba maji hapa yanachemka katika nyuzi kama 94 za Selsiasi. Kisha ingia kwenye mlinganyo wa Arrhenius, unaoonesha jinsi kasi ya mmenyuko inavyobadilika na jotoridi: tukidhania kwamba kuiva kwa maharage kuna nishati ya kuamsha mmenyuko ya 80 kJ kwa moli, kasi yake hapa itakuwa kama theluthi mbili ya kasi ya pwani, na chungu kitakaa jikoni kwa muda wa mara moja na nusu. Mama zetu walilijua hilo bila Arrhenius, na bei ya mkaa inalithibitisha. Wanafunzi wangu hulipenda swali hili, lakini sehemu yake muhimu ni ile wanayotaka kuiruka: kuorodhesha tulichodhania. Mvuke umechukuliwa kuwa gesi bora, ujazo wa maji yaliyo kimiminika umepuuzwa ukilinganishwa na wa mvuke, na enthalpi imechukuliwa kuwa haibadiliki kati ya nyuzi 94 na 100. Katika mtihani wa chuo, swali la «onesha kwamba» hutoa alama kwa kutaja madhanio hayo na mahali yalipoingia.

Mlima huo huo utakutega maabara. Iringa mgandamizo ni takriban kilopaskali 84. Ukikusanya gesi juu ya maji kisha ukaandika atmosfia 1 kwa mazoea ya sekondari, idadi ya moli utakayopata itazidi ile ya kweli kwa karibu moja ya tano, kabla hata ya kutoa mgandamizo wa mvuke wa maji. Vilevile majedwali ya vitabu yameandikwa kwa nyuzi 25, na asubuhi ya Juni huko Iringa chumba kinaweza kuwa chini ya 20. Kwa majaribio ya kasi ya mmenyuko tofauti hiyo si ndogo. Soma kipimajoto na barometa mwenyewe, uandike ulichosoma, na uitumie tarakimu hiyo katika ripoti, hata kama wenzako wote wameandika 298 K.

Kuhusu vizio nitasema machache. Thamani ya R ni 8.314 ukitumia jouli na 0.0821 ukitumia lita na atmosfia. Anayechanganya hupata jibu lililopotoka kwa mara kama 101, na anayesahau kwamba enthalpi ya jedwali ni kilojouli hupotoka kwa mara 1,000. Andika kizio katika kila mstari, si kwenye jibu la mwisho pekee. Angalia pia alama ya kazi: vitabu vingi vya kemia vya siku hizi huandika ΔU = q + w (ΔU ni badiliko la nishati ya ndani, q ni joto linaloingia, w ni kazi inayofanywa juu ya gesi), lakini vya zamani, pamoja na vingi vya uhandisi, huandika ΔU = q − w, kwa sababu huko w ni kazi inayofanywa na gesi. Vyote viko sahihi. Maktaba zetu zina vya aina zote mbili, kwa hiyo chagua kimoja kinacholingana na mhadhiri wako, ukae nacho muhula mzima.

Kinetiki, yaani elimu ya kasi ya mmenyuko, usiihofu, sehemu kubwa umeshaikuta kidato cha sita, na kilichoongezeka ni kuunda mlinganyo wa kasi kutokana na hatua za mmenyuko. Kama kozi yenu inagusa mekaniki ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo sana kama elektroni), shika vizuri chembe iliyofungiwa kwenye kisanduku na usihangaike na mengine mpaka hiyo iwe nyepesi. Semina usizikose, na uende nazo ukiwa umejaribu maswali, kwa sababu mhadhiri mwenye darasa kubwa hana namna ya kujua ulipokwama usipomwonesha.

Kwa sasa, kabla chuo hakijafunguliwa, anza na lile zoezi la gesi inayotanuka, kisha hesabu ya maharage, kwa mpangilio huo. Ukikwama, andika hapa chini mstari ulioishia pamoja na vizio vyake na ulichokuwa umekishikilia, nami au mwingine tutauangalia.