Kuzimua antibodi: namba ya jirani isikutoshe

Nilipoanza kazi ya kupaka tishu rangi kwa antibodi (protini inayoshika kitu kimoja maalumu kwenye seli) hapa Dodoma, nilipewa karatasi yenye namba moja kwa kila antibodi. Ya ER, yaani kipokezi cha estrojeni, iliandikwa 1:200. Nikaifuata kama dawa ya kutwa mara tatu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka chupa ilipoisha, ikaja nyingine. Nikazimua vilevile: maikrolita 5 kwenye 995 za kizimulio. Slaidi zikatoka zimepauka. Hata kwenye kontroli, yaani tishu ya kulinganishia, mirija ya titi lisilo na ugonjwa, viini vya seli nilivyozoea kuviona vya kahawia vilibaki na buluu ya hematoksilini tu.

Daktari wetu wa patholojia aliinua macho kutoka kwenye darubini. "Mwanangu, antibodi umeweka kweli?"

"Nimeweka, daktari."

Niliweka, ila lebo sikuisoma. Chupa ya zamani ilikuwa na miligramu 1 kwa mililita, mpya 0.2. Kwa 1:200 ileile nilikuwa nimeshuka kutoka maikrogramu 5 kwa mililita hadi 1. Uwiano unakuambia umeongeza maji kiasi gani. Haukuambii chai ilikuwa imekolea vipi kabla ya kuyaongeza. Na hata ukisawazisha maikrogramu, antibodi mbili tofauti hazishiki kwa nguvu sawa. Kwa hiyo lazima ujaribu, tena kwenye tishu zako, zilizokaa kwenye formalini yako.

Mimi huchukua bloku tatu za nta: moja inayoshika sana, moja inayoshika kidogo, na moja isiyotakiwa kushika kabisa. Nakata maikroni 4. Naanza na 1:50 (maikrolita 20 kwenye 980), nachota 500 naongeza 500 za kizimulio, napata 1:100, na kuendelea hivyo hadi 1:800, nikibadilisha ncha ya pipeti kila hatua. Kila bloku inapata pia slaidi moja isiyo na antibodi ya kwanza, ile tunayoizimua. Muda wa kuchemsha kwenye bafa, pH yake, muda wa antibodi, dakika za DAB (kemikali inayoleta rangi ya kahawia), vyote usiviguse. Ukibadilisha vitu viwili siku moja, jibu halitakuwa na mwenyewe.

Wengi huteleza kwenye kusoma. Jicho hupenda kahawia nzito, kwa hiyo 1:50 huonekana imeshinda, kumbe hata nyuzi za kolajeni zimepakwa. Mimi naiangalia kwanza ile tishu inayoshika kidogo, kwa sababu ndiyo itakayopotea mapema. Tuseme viini vyake vinaonekana wazi kwenye 1:200 na 1:400, vinafifia kwenye 1:800, na pembeni pamesafika kuanzia 1:200. Hapo nachagua 1:200 au karibu yake, nisikae ukingoni. Slaidi isiyo na antibodi ya kwanza ikitoka kahawia, acha kuzimua: shida ni peroksidasi (kimeng'enya) ya tishu yenyewe haikuzimwa, au antibodi ya pili, inayoishika ile ya kwanza, au biotini (vitamini iliyomo ndani ya tishu) ikiwa unatumia seti ya vitendanishi inayotumia biotini, hasa kwenye ini na figo.

Halafu kuna ukavu wetu huu. Mwezi wa saba upepo wa Dodoma unakausha kanga kambani kabla hujamaliza kuanika, sembuse tone la maikrolita 200. Wiki nzima nilizimua zaidi na zaidi nikidhani antibodi ni kali, kisa kingo za tishu zilikuwa kahawia iliyokolea huku katikati pakiwa safi. Kumbe slaidi zilikuwa zinakauka. Nikaweka karatasi zilizolowa ndani ya sanduku lenye kifuniko kinachobana, nikarudi kwenye uwiano wa mwanzo, kingo zikasafika.

Siku hizi chupa mpya ikifika, ya zamani huwa haijaisha. Nimeshajifunza kuagiza mapema. Napaka slaidi za bloku moja kwa chupa zote mbili siku ileile, nikizilinganisha sambamba chini ya darubini, na namba ya toleo naiandika kwa kalamu isiyofutika pembeni mwa uwiano.