Kwa nini nyumba za Sea Ranch hazina upenu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha za nyumba za Sea Ranch, huko pwani ya California, zenye paa la mteremko mmoja na kuta za mbao zisizopakwa rangi. Je, huo ni ubunifu au ni ubahili?

JIBU: Ndugu msomaji, ni upepo. Wasanifu Charles Moore, Donlyn Lyndon, William Turnbull na Richard Whitaker, waliobuni jengo la kwanza la makazi 10 lililokamilika mwaka 1965, waliinamisha paa ili upepo mkali wa bahari upite juu yake, wakauondoa upenu ili usipate pa kushika. Mbao zinaachwa zichakae hadi ziwe na rangi ya kijivu inayofanana na majabali. Joseph Esherick naye alizibana nyumba zake nyuma ya safu za miberoshi iliyopandwa zamani, wakati eneo hilo lilipokuwa malisho ya kondoo. Kwangu, hizo ndizo bora kuliko zote. Usiziige kwetu, hata hivyo, kwa kuwa ukuta usio na upenu utateseka kwa jua na mvua za masika.