Kwa unayeandika tasnifu ya redio za Kiswahili na hujui pa kuanzia

Mdogo wangu, usianze na Google. Ingia kwenye tovuti ya maktaba ya chuo chako kwa namba yako ya usajili, fungua ukurasa wa hifadhidata, utafute Communication & Mass Media Complete. Kama haipo, JSTOR, hifadhidata nyingine ya makala za kitaaluma, itakufaa. Andika maneno ya kutafutia kwa Kiingereza, maana makala nyingi zimeorodheshwa kwa lugha hiyo, na ufunge kirai chako ndani ya alama za mtajo, la sivyo utaletewa maelfu ya makala yasiyokuhusu.

Kuna hazina moja ambayo wanafunzi wengi huipita bila kuiona: jarida la African Media Review, lililochapishwa hapa hapa Nairobi na Baraza la Elimu ya Mawasiliano Afrika. Matoleo yake ya miaka ya 1980 na 1990 yamewekwa bure mtandaoni na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Humo utawakuta Waafrika wenyewe wakijadili redio za vijijini na lugha za utangazaji, si watu wa mbali wakitusemea. Lisome mapema, kabla hujaandika hata sura ya pili.

Tasnifu za waliokutangulia zimo kwenye hazina ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Anzia marejeleo yao.

Magazeti ya zamani? Nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Beba penseli na subira, karatasi zile huchanika upesi.