Nyumba ya zamani na pampu ya joto: pima kwanza, maneno baadaye

Dada mmoja wa Coventry, huku Uingereza, kaniandikia juzi, nyumba yao ya miaka ya 1930, boila (mashine ya gesi inayopasha maji ya kuipa nyumba joto) inakata roho, mumewe anataka pampu ya joto na yeye anaogopa watoto wataganda. Dada yangu, nakujibu hapa hapa maana mko wengi mnaouliza, na mimi baridi ya mwaka huu nimeimaliza sebuleni na fulana, pampu hiyo hiyo ikipasha nyumba, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuongea.

Naishi Leeds, nyumba za kuungana za enzi za Malkia Victoria, ukuta tofali tupu hauna uwazi katikati, yaani zile ambazo kila mtu anakwambia haiwezekani. Fundi wa kwanza aliingia, akaangalia dari, akagonga ukuta, akasema nyumba hii mzee sana chukua boila mpya. Hata futi hakuitoa mfukoni! Mpaka leo inaniuma. Na nyie wa grupu la WhatsApp mlionicheka eti naenda kuifungia familia AC kwenye theluji, najua mnasoma, karibuni chai.

Sasa kweli kile kidude cha nje ni kama AC iliyogeuzwa, kinavuta joto kwenye hewa ya nje hata kukiwa na barafu na kuliingiza kwenye maji ya redieta, zile paneli za chuma ukutani zinazopasha chumba. Ila boila inapeleka maji ya nyuzi 70, pampu inapenda 45 mpaka 50, na kwa maji hayo redieta ile ile inatoa kama nusu tu ya joto. Mchezo wote uko hapo, sio kwenye mwaka wa kujengwa.

Fundi wa pili alikuwa binti mdogo tu. Alipima kila chumba, madirisha, unene wa ukuta, akapanda darini, halafu akapiga magoti nyuma ya kochi akalibana bomba la redieta kwa kipimo chake, akaguna: milimita 10. Bomba jembamba namna hiyo mara nyingi halipitishi maji ya kutosha, kwa hiyo likabadilishwa, na redieta kadhaa zikawekwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu, siku ya baridi kali shusha joto la maji ya kupasha nyumba kwenye boila yenyewe (sio thamostati, kile kidude cha ukutani cha kuchagua joto la chumba) mpaka 50, acha kutwa nzima uone chumba gani kinalia. Kama una silinda ya maji moto, ukimaliza rudisha, maana maji ya silinda yanatakiwa yafike 60 kuua bakteria.

Hela: England na Wales kuna ruzuku ya £7,500, fundi ndo anaiomba, inakatwa kwenye bei. Lakini unit ya umeme hapa ni kama mara nne ya gesi au zaidi, so hata ukikumbuka boila nayo inapoteza kidogo, pampu isipokupa unit tatu na nusu mpaka nne za joto kwa kila moja ya umeme, bili kwa bei ya kawaida ya umeme itapanda, asikudanganye mtu. Na kombi (boila inayopasha maji ya bomba papo hapo bila tangi) ikitoka lazima silinda ipate pa kukaa. Kwangu yalitolewa mabegi ya safari ya mama watoto kabatini, na kesi hiyo bado inaendelea.

Jamani tupime. Tukiwa ugenini tunamwamini kila mwenye buti na karatasi ya kusaini, anatamka neno moja tunanyong'onyea. Mwambie akuonyeshe hesabu ya joto linalopotea chumba kwa chumba, hana, mfungulie mlango aende. Pima, ndugu zangu, pima!

Dada, nyumba nyingi za miaka yako zina ukuta wa tabaka mbili, uliza kama uwazi wake umejazwa, na darini sufu ya kuzuia joto lisitoke iwe na unene wa kama milimita 270, hiyo ni rahisi kuliko mengine yote. Halafu leo jioni chungulia nyuma ya redieta, uniandikie bomba lina milimita ngapi, kabla mzee hajasaini.